Pesa za Ijumaa

Ijumaa jioni, mikono ya Phanice ikiwa bado kwenye mkanda wa mahindi, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni yake. Hakuhitaji kuitazama. Ilikuwa ile apu, Mapema, na ujumbe wake haukubadilika hata siku moja: Hongera, Phanice, wiki hii umeshafanyia kazi shilingi 2,900. Ungependa kuchukua ngapi leo? Ilikuwa na adabu zake, hiyo apu. Iliuliza kama mhudumu wa hoteli anayejua una njaa.

Kazi yake ilikuwa kuchambua mbegu katika kiwanda kimoja pale Kitale. Wanawake kumi na wawili walisimama upande huu na upande ule wa mkanda, mahindi yakipita mbele yao, nao wakitoa punje zilizovunjika, zilizooza na zilizotobolewa na wadudu. Mwisho wa mkanda mbegu nzuri zilipakwa dawa nyekundu, na kila aliyepangiwa zamu ya huko, awe na glavu asiwe nazo, alirudi nyumbani na vidole vyekundu. Sabuni ilivisugua wiki nzima isifue dafu.

Ndani ya Mapema mlikuwa na milango miwili. Mmoja uliandikwa Chukua. Hapo ungepewa mshahara uliokwisha kuufanyia kazi, mpaka nusu yake, bila kungoja mwisho wa mwezi, na kila ukichukua ulikatwa shilingi hamsini. Wa pili uliandikwa Weka, na huko ulijitengenezea kibubu, ukakipa jina na kiwango cha kufikia. Kibubu cha Phanice kiliitwa Edah Januari. Kiwango chake kilikuwa shilingi elfu kumi na nne. Ijumaa hiyo kilikuwa na mia nne na ishirini.

Elfu kumi na nne si pesa za kujenga ghorofa, mwenzangu. Zilikuwa kodi ya mwezi mmoja na dipositi ya vyumba viwili mtaani Tuwan, kitanda kidogo, godoro na sare ya shule. Kwa hizo Phanice angeenda kwao Sirisia kumchukua bintiye, Edah, akaishi naye chini ya paa moja. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Alilitaka akiwa amesimama kwenye mkanda, akiwa kwenye foleni ya maji, na akiwa kanisani mchungaji akiwaambia wafumbe macho waombe.

Edah alizaliwa katika hospitali ya misheni ya Lugulu, Phanice akiwa na miaka kumi na tisa na baba wa mtoto akiwa ameshabadilisha namba ya simu. Mtoto alipofikisha mwaka mmoja na nusu, Phanice alimwacha kwa mama yake, Lorna, akaja Kitale kutafuta kazi. Hakuna aliyeshangaa. Huko kwao ndivyo inavyofanywa. Mtoto wa binti ambaye hajaolewa hulelewa na bibi, na kwa vile anasikia watu wote nyumbani wakimwita bibi Mama na wakimwita mzazi wake kwa jina, naye anaita vivyo hivyo. Edah alipoanza kusema, Lorna akawa Mama na Phanice akawa Phanice. Siku ya kwanza walicheka wote, na Phanice akacheka kuliko wote. Angemrekebisha siku hiyo hiyo, pengine tungekuwa tunasimulia mengine. Lakini aliona ni mambo ya utoto, akasema moyoni kwamba akihamia kwangu ataacha mwenyewe.

Sasa njoo Tuwan. Katika ploti aliyoishi, wanawake wote walikuwa Mama Fulani. Hata mwenye nyumba, Zulekha, mjane mwenye duka karibu na msikiti, hakuna aliyemwita Zulekha. Alikuwa Mama Salman, ingawa huyo Salman alikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Phanice alihamia hapo na begi moja, na Mama Salman akamuuliza, "Nikuite nani?" Akajibu, "Mama Edah." Mama Salman akachungulia nyuma yake kumtafuta Edah, hakumwona mtu. Baada ya wiki mbili ploti nzima ilikuwa ikimwita Phanice.

Kabla ya Mapema, mshahara ulikuja mwisho wa mwezi, na Phanice alipiga simu nyumbani mwisho wa mwezi. Unawezaje kupiga simu nyumbani ukiwa mikono mitupu? Utaanzia wapi? Aliyemwekea apu ni Jeruto, waliyesimama naye bega kwa bega kwenye mkanda, mwanamke wa kutoka upande wa Mlima Elgon, mwenye maneno mengi na roho safi.

"Si uchukue tu, bana," Jeruto alimwambia. "Ni pesa yako. Umeshaitolea jasho. Kwani mwisho wa mwezi ndio itakuwa tamu zaidi?"

"Na hii hamsini wanakata?"

"Hamsini ni nini? Ni mandazi tano."

Phanice akachukua mia tatu, akamtumia Lorna za kumnunulia Edah ndara, kwa sababu zile za kwanza zilichukuliwa na maji ya mto. Ijumaa iliyofuata akapiga simu, mtoto akasukumwa kwenye simu. Alikuwa na miaka minne. "Asante, Phanice," alisema. "Ndara iko na kipepeo." Halafu akauliza, "Unakuja lini?"

"Januari," Phanice alisema. "Januari nakuja kukuchukua kabisa."

Alilala usiku huo akiwa na raha ambayo hakuwa ameipata tangu aondoke nyumbani. Na Ijumaa iliyofuata simu ikatetemeka, apu ikauliza, naye akachukua tena. Ikawa desturi. Juma hili utepe wa nywele, juma lile soksi, mara rangi za kuchorea, mara mkoba wa shule wenye magurudumu ambao Lorna aliufuata mpaka soko la Chwele. Kila juma kitu kidogo, na kila juma dakika tatu za sauti ya Edah. Zikitoka hizo, ukitoa kodi ya chumba chake kimoja, unga, mafuta ya taa na mchango wa kanisa, kilichobaki mwisho wa mwezi kwenda kwenye kibubu ni kile ambacho hata kibubu kiliona haya kukipokea.

Wako watu watakaoilaumu apu. Mimi siilaumu. Haikumdanganya hata siku moja. Kila alipobonyeza Chukua ilimuuliza, Una uhakika? na kila mara Phanice alikuwa na uhakika. Mtu mwenye kiu ukimuuliza kama ana uhakika anataka maji, atakujibu nini? Alimtamani mtoto wake, na alichokuwa akichukua kila Ijumaa ili kutuliza hamu hiyo ndicho kilichokuwa kikimzuia kumpata. Alilijua hilo vizuri. Hakuwa mjinga, alikuwa na hamu.

Januari ya kwanza ilifika kibubu kikiwa na elfu moja na mia nane. Alimwambia Lorna mambo hayajakaa sawa, ngoja mwakani. Edah alilia kwenye simu, na Phanice akalia upande wake, kisha akachukua mia nne za kumnunulia mwanasesere. Januari ya pili kibubu kilikuwa na elfu mbili mia tatu. Akajiandaa kwa kilio, akatafuta maneno, akapiga simu. Edah alisema asante kwa soksi, akamsalimia vizuri jinsi alivyofundishwa, akampa Lorna simu, akarudi kucheza. Hakuuliza Phanice anakuja lini.

Lile lilimuuma kuliko kilio. Kesho yake kwenye mkanda aliacha punje zilizooza zikapita mpaka msimamizi akamwita pembeni. Tokea hapo hakuuliza tena, yule mtoto, mwezi baada ya mwezi, na Phanice akawa anaingoja simu ya Ijumaa akiwa na tumaini hilo moja tu, kwamba leo ataniuliza.

Ijumaa hii ya mia nne na ishirini, kibubu kikiwa kimeshachotwa Mei kulipia karo ya Edah, ilikuwa ya mwisho wa Julai, mwaka wa tatu. Edah alikuwa anakaribia miaka saba. Jioni Mama Salman alimwita dukani.

"Wale wapangaji wangu wa vyumba viwili vya nyuma wanahama Desemba," alisema. "Umeniimbia mtoto miaka yote hii. Nakuwekea mpaka tarehe tatu Januari. Tarehe nne nampa mwingine, tusije tukalaumiana."

Jumatatu Phanice akamweleza Jeruto. Jeruto, safari hii, hakuwa na mzaha. Alitoa simu ya Phanice mfukoni mwake, akafungua orodha ya yote aliyochukua, akapiga hesabu midomo ikicheza. Mara mia moja na thelathini na tano. Kila mara hamsini.

"Elfu sita mia saba na hamsini," Jeruto alisema. "Ati ni mandazi tano. Mungu anisamehe, Phanice, umelipa karibu nusu ya hiyo nyumba kwa kuomba pesa yako mwenyewe."

Basi akaacha. Ukisikia mtu ameacha pombe utampa pongezi, lakini hakuna aliyempa Phanice pongezi Ijumaa ya kwanza aliposimama kwenye mkanda simu ikimtetemekea pajani na asiiguse. Apu iliuliza, akaipuuza. Wiki iliyofuata ikauliza tena. Agosti ilipoisha mshahara uliingia mzima mzima, akaweka elfu mbili mia sita kwa siku moja, akakaa akitazama ile tarakimu kama mtu anayetazama picha ya harusi yake.

Lakini Ijumaa zilikuwa tupu. Alipiga simu hivyo hivyo, mikono mitupu, na Lorna akapokea, wakaongea habari za mvua na za ng'ombe, halafu Phanice akasema, "Nipe Edah." Mara Edah ameenda kisimani, mara yuko kwa jirani, kwa kina Nyambu, anaruka kamba, mara anaitwa lakini haji. Siku moja Phanice alimsikia kabisa akisema kwa mbali, "Mwambie niko kwa choo." Alikata simu, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka chai yake ikapoa.

Novemba Lorna alipiga mwenyewe. Watoto wa kanisa wangeimba Krismasi, na wote walitakiwa kuvaa nguo nyeupe. Gauni lilikuwa mia nane na hamsini. Nyuma yake Edah alikuwa karibu sana na simu, pumzi zake zilisikika.

"Mama, mwezi huu sina," Phanice alisema.

 Kisha sauti ya Edah, ndogo na safi: "Phanice, si wewe hutumanga?"

Kidole cha Phanice kilikuwa tayari juu ya Chukua. Wewe ungefanya nini? Mia nane na hamsini, na hamsini yao, mia tisa, na mtoto angefurahi wiki nzima. Alijiuma mdomo. "Sina, mama," alimwambia bintiye. "Ngoja kidogo. Nakuja." 

Tarehe ishirini na tatu Desemba, baada ya mshahara na pesa za saa za ziada, kibubu kilifikisha elfu kumi na nne. Apu ilirusha maua ya rangi rangi kwenye skrini, ikaandika: Umefaulu! Phanice alimwonyesha Jeruto, Jeruto akamkumbatia pale pale mbele ya msimamizi, na mahindi yakapita bila kuchambuliwa.

Tarehe ishirini na saba, saa tano asubuhi, alikuwa Sirisia. Hakubeba hata mkate. Hakuwa amewahi kuingia kwa mama yake bila mkate na sukari, na Lorna aliliona hilo kabla ya kumpa mkono.

"Umekuja," Lorna alisema.

"Nimekuja kuchukua Edah, Mama. Nyumba iko."

 Lorna aliingia ndani, akatoka na begi dogo la bluu. Nguo za Edah zilikuwa zimefuliwa, zikapigwa pasi, zikakunjwa vizuri.

"Hii begi niliipanga Desemba ile ya kwanza ulisema unakuja," alisema. "Kila Desemba naipanga. Kila Januari naipangua. Ni mtoto wako. Mimi nilikushikia tu." Alisema hivyo akiwa amelishikilia begi kwa mikono miwili, na hakuonekana kuwa tayari kuliachilia.

Edah alikuwa jikoni. Alikuwa ameketi nyuma ya mtungi wa maji, amevaa gauni jeupe lililoanza kuchafuka pindoni. Kuku wawili wa Lorna waliouzwa ndio walioligharimia. Phanice alichuchumaa, akakaa chini kabisa kwenye udongo, wakatazamana. Mtoto alikuwa amekua kuliko sauti yake.

"Viatu vyako ni vizuri," Phanice alisema, maana hakujua aanzie wapi. "Nani alikununulia?"

"Mama."

"Na ule mkoba wa magurudumu?"

"Mama. Alienda Chwele akaniacha kwa kina Nyambu, nikalia, halafu akarudi nayo usiku akiwa amenyeshewa."

"Na soksi? Na mwanasesere?"

"Mama," Edah alisema, akianza kuona maswali haya ni ya ajabu. "Si mama ndio hununua."

 Miaka mitatu. Mara mia moja na thelathini na tano. Phanice aliona wivu, tuseme ukweli, wivu mkali juu ya mama yake mzazi, na hasira isiyokuwa na mtu wa kuimwagia. Akajilazimisha kuuliza, "Na mimi je? Mimi nilikuletea nini?"

Edah alifikiri. Alikuwa mtoto mwenye huruma, ilionekana anatafuta kitu cha kumpa. "Wewe ulikuja siku ya mvua," alisema hatimaye. "Ukanibeba kwa mgongo tukaenda choo, ndio nisikanyage matope. Vidole vyako vilikuwa vyekundu."

Phanice aliikumbuka siku hiyo. Ilikuwa Pasaka ya mwaka uliopita, alikuja mara moja kwa sababu ya mazishi ya jirani, akalala usiku mmoja. Pesa safari hiyo zilimtosha mkate na sukari ya mama yake tu, na alirudi Kitale akiona aibu kwamba hakumletea mtoto chochote.

Alitoka nje. Lorna alikuwa bado ameshika begi.

"Nilimwambia," Lorna alisema kabla hajaulizwa. Jiko lile halikuwa na mlango. "Kila kitu nilimwambia, hii ni ya Phanice, hii imetoka kwa Phanice. Lakini mtoto anaona mtu anayeingia na mkoba. Kwa simu haoni kitu."

"Najua, Mama."

"Mchukue. Atalia wiki mbili, atazoea."

Phanice alitazama begi. Nyumba ilikuwepo, pesa zilikuwepo, tarehe ilikuwa bado. Yote aliyoyaomba macho yakiwa yamefumbwa yalikuwa hapo mikononi mwa mama yake, yamepigwa pasi. Na nyuma ya mtungi alikuwapo mtoto ambaye akiondolewa leo angelia akimwita Mama, wala asingekuwa anamwita yeye. Alilitaka lile begi kwa mwili wake wote. Akalipokea, akakaa nalo magotini muda mrefu, akalifungua, akatoa gauni moja baada ya jingine, akayarudisha kwenye sanduku la Lorna. Lorna akaenda kuinjika chai.

Tarehe tatu Januari alimkuta Mama Salman akifungua duka, akamwambia ampe mwingine vile vyumba.

"Pesa umekosa?"

"Ninazo. Mtoto ndiye bado hanijui."

Mama Salman alipanga pakiti za chumvi, akazipanga tena. "Basi nitampa mwingine," alisema. "Vyumba havijaisha Tuwan. Mtoto hahamishwi kama kabati. Nenda ukajulikane kwanza, halafu urudi hapa tuongee." Alipokuwa akiondoka, akamwita. "Mama Edah, umesahau chenji yako." Phanice hakuwa amenunua kitu.

Jioni ile alifungua apu. Ilimuuliza kama angependa kibubu chake kiendelee kuitwa Edah Januari. Akafuta, akaandika Nauli. Kwenda mia nne, kurudi mia nne. Ukigawanya elfu kumi na nne kwa mia nane unapata Jumamosi kumi na saba, na zikiisha, mlango wa Chukua ungalipo na hamsini yao.

Jumamosi ya kwanza Edah alimwamkia, akaenda kucheza. Ya pili alikaa karibu naye akimtazama akichambua maharage, akasema anachambua haraka sana. Ya tatu Phanice alimsuka, vibaya, upande mmoja umekazwa na mwingine umelegea, na mtoto akalalamika na hakuondoka. Kila Jumamosi hakuja na kitu. Kila Jumamosi jioni aliondoka akiwa na hamu kubwa kuliko aliyokuja nayo, kwa maana sasa alijua kilichomo ndani yake: harufu ya moshi kwenye nywele, jino lililong'oka, namna Edah anavyosema uongo akiangalia miguu yake.

Jumamosi ya sita kulinyesha. Phanice alikuwa amepangiwa dawa juma zima, vidole vyake vyekundu mpaka kwenye viungo. Saa kumi na moja jioni akamuaga Lorna, akaufunga mtandio, akatoka. Alipofika langoni alisikia miguu ikipiga matope nyuma yake.

"Phanice."

Akageuka. Edah alikuwa amesimama bila ndara, mvua ikimchuruzika usoni.

"Utakuja lini tena?"

Phanice alichuchumaa kwenye matope, akaweza kusema, "Jumamosi."

Edah hakutosheka na hilo. Aliuchukua mkono wa Phanice, akavinyoosha vile vidole vyekundu, akaanza kuhesabu siku juu yake, kimoja kimoja, akianzia kesho. Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Mkono mmoja ukaisha siku zikiwa bado, akauomba na ule mwingine. Alipofika kidole cha Jumamosi alikishika, akakishikilia, na gari la mwisho la kwenda Kitale likapita barabarani wote wawili wakilisikia.